Mvua Ikianza, Hapati Usingizi: Maswali Yenu Kuhusu Vijana na Kiwewe cha Maafa

Barua za safari hii zinatoka kwa waliopitia maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, na mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya, Aprili 29, 2024.

Mwanangu ana miaka 15. Mvua ikianza kupiga bati, anavaa viatu na kukaa mlangoni mpaka ikatike. Alikuwa mpole, sasa kila mara naitwa shuleni kwa ugomvi. Ni ujana? (Mama, Katesh)

Sidhani, mama. Tope lile lilishuka na mawe na magogo, na mwili wake bado unalingojea. Anakaa mlangoni ili asikutwe ndani. Ugomvi nao unatoka hukohuko: anayelala macho nusu usiku kucha, asubuhi hana subira na mtu. Vijana wa rika lake aghalabu hawalii mbele za watu. Hununa, hujitenga, masomo hushuka, na wengine huanza bangi au pombe ili wapate usingizi.

Wiki za mwanzo, hofu ya namna hii ni ya kawaida na kwa wengi hupungua yenyewe. Ikizidi mwezi, na bado ana jinamizi, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka ovyo na shule inamshinda, anahitaji tiba. Kwa sasa, mvua ikija usimvue viatu. Kaa naye hapo mlangoni. Siku ya jua, kubalianeni mtakimbilia wapi na nani atamshika mdogo. Kijana mwenye mpango hutulia kuliko aliyeambiwa tu asiogope.

Niwasimamishe wanafunzi mmoja mmoja darasani wasimulie walichoona, ili watoe ya moyoni? (Mwalimu, Naivasha)

Tafadhali usifanye hivyo. Kumlazimisha mtu asimulie maafa hakumkingi na kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo. Rudisha ratiba, michezo na kazi za kawaida, kisha waambie unapatikana wapi anayetaka kuzungumza. Atakayekuja, msikilize bila kumchimba.

Shikamoo. Nina miaka 17. Maji yalininyang'anya mkono wa mdogo wangu. Mwaka umepita na bado naota nauachia. Siku nyingine natamani nisingeokoka. Je, nimechelewa kutibiwa? (Kijana, Mai Mahiu)

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniandikia hili. Kwanza, leo hii mwambie mtu mzima unayemwamini sentensi ile ya mwisho kama ulivyoiandika. Kama hayupo, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa watoto, Tanzania na Kenya. Mawazo hayo yakikujia, usikae peke yako.

Hukuuachia mkono. Umeandika mwenyewe kwamba maji yalikunyang'anya, nami naliamini neno hilo kuliko ndoto. Maji ya Mai Mahiu yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, yakaporomoka usiku yote kwa pamoja. Nguvu ile haishindwi na mkono wa mtu, hata wa mtu mzima.

Na hujachelewa. Desemba 7, 1988, tetemeko la ardhi liliipiga Armenia watoto wakiwa shuleni, likaua watu wapatao 25,000. Katika mji wa Gyumri kuna vijana walioanza kutibiwa shuleni mwaka mmoja na nusu baadaye. Miaka mitatu baada ya tetemeko, waliotibiwa dalili zao zilikuwa zimepungua. Wenzao ambao hawakutibiwa walikuwa wamezidiwa. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu. Mnakirudia kisa kidogo kidogo, kwa mwendo unaouweza, pamoja na majonzi ya mdogo wako na lawama unayojibebesha, mpaka kibaki kumbukumbu inayouma bila kukutawala.

Jirani ananishauri nimpe binti yangu vidonge vya usingizi, mama mkwe anasema ni mapepo. Nianzie wapi? (Baba, Hanang)

Vidonge hivyo usimpe kwa ushauri wa jirani. Haviondoi kiwewe na vinaweza kumzoesha. Maombi ni haki yenu, ila asifungiwe, asipigwe, asinyimwe chakula, na yasichukue nafasi ya matibabu. Anzia hospitali ya wilaya: uliza kliniki ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Ukifika eleza mambo mawili, maafa aliyopitia na lini dalili zilianza, maana ukisema tu kwamba kichwa kinamuuma utarudishwa nyumbani na panadoli.