Kikombe cha pili

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Mgonjwa aliyelazwa afungeje Kwaresima?" Mimi ni padre, na kwa miaka kadhaa nimehudumia wagonjwa katika hospitali moja mkoani Tanga. Jibu la sheria ni fupi. Kanisa Katoliki linadai siku 2 tu za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wajibu huo unamhusu mwenye miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60. Mgonjwa hadaiwi. Anayechomwa sindano ya insulini asubuhi asithubutu kuacha uji, maana sukari ikishuka inaweza kumuua.

Jibu hilo nililitoa mbele ya kitanda cha bibi mmoja, na halikumsaidia kitu. (Ameniruhusu kusimulia, na hayakuwa maungamo.)

Ilikuwa Kwaresima ya 2025. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa hiyo wodini walikuwapo wafungaji wa dini zote mbili. Muuguzi wa zamu akanipigia simu: mgonjwa wako huku kachomwa sindano, uji kausukuma pembeni, tumemkuta anatetemeka, jasho limelowesha shuka. Nilipofika walikuwa wameshamnywesha maji ya sukari.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina."

Nikamweleza kama nilivyofundishwa: ana miaka 64, umri umeshamwondolea wajibu, na ugonjwa umemwondolea mara ya pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika khanga usoni. Hapo nikavuta stuli nikakaa. Nilipaswa kukaa tangu mwanzo.

Baada ya kitambo akasema, bado kajifunika: "Baba, nimefunga siku zote 40 tangu nikiwa msichana. Watoto wangu nimewafungia. Mume wangu nimemfungia mpaka anazikwa. Sasa nalishwa, naogeshwa, nageuzwa. Mungu naye nimpelekee nini?"

Wagonjwa wengi ninaozungumza nao wana swali hilo, hata kama wanalianza kwa maneno mengine. Si ruhusa wanayoitafuta. Aliyelazwa kila mkono unaomjia unampa kitu, na kupokea tu kunachosha. Ukimwambia "wewe umesamehewa", yeye anasikia "wewe hutakiwi". Wapo pia wanaouliza kama ugonjwa ni adhabu, hasa vijana wa ajali za bodaboda. Hao huwasomea habari za kipofu katika Yohana sura ya 9, ambako Yesu anakataa kabisa kwamba upofu ule ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Lakini kwa bibi huyu sikuwa na la kusoma.

Jibu lilitoka kitanda cha jirani, kwa mama mmoja wa Kiislamu, naye mgonjwa wa kisukari.

"Mwenzangu, hata mimi sifungi. Mgonjwa wa kupona hulipa siku zake baadaye. Mimi wa sukari nitapona lini? Natoa fidia. Kila siku kibaba cha mchele kwa maskini, mwanangu ndiye anayepeleka."

Bibi akafunua khanga. "Kila siku?"

"Kila siku niliyokula."

Kwaresima ni sala, kufunga na sadaka. Nimelihubiri hilo miaka mingi, lakini pale kitandani nilikuwa nimeng'ang'ania kufunga peke yake. Siku ile mama wa Kiislamu alimhudumia muumini wangu kuliko nilivyomhudumia mimi, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kesho yake binti wa bibi alipoleta uji wa ulezi, aliambiwa aje na kikombe cha pili. Kitanda cha dirishani alilala msichana kutoka kijijini, hana ndugu mjini wa kumletea chakula. Bibi akawa anakunywa chake baada ya sindano, cha pili kinakwenda dirishani. Kila asubuhi. Nanyi mnaouguza, nawaomba, msiishie kumwambia mgonjwa wenu apumzike. Mwulizeni angependa kumpa nani nini.

Wiki ya pili nilimpelekea Ekaristi. Kisukari kimemharibu macho, haoni mbali. Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha sala aliponishika mkono.

"Ngoja kwanza, Baba. Niangalizie pale dirishani. Amemaliza?"