Nitapata wapi fedha za kufilisika?

SWALI

Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao ya wazee. Mshahara wangu ni kama dola 38,000 kwa mwaka, na hakuna mwingine anayeingiza kipato nyumbani. Mwaka juzi niliugua, nikakaa miezi mitatu bila kazi tukiishi kwa kadi za mkopo, kisha bili ya hospitali ikaja juu yake. Leo ninadaiwa dola 21,400. Mdai mmoja alinishtaki, nami kwa woga sikwenda mahakamani, na sasa ninakatwa dola 290 katika kila mshahara wa wiki mbili. Kadi nyingine mbili ninazilipia kile kiwango cha chini, jumla dola 410 kwa mwezi, na deni halisogei. Wakili niliyemwona amenishauri nifungue shauri la ufilisi chini ya Sura ya 7, ile sehemu ya sheria ya ufilisi inayofuta madeni, lakini anataka dola 1,500 zote kabla ya kupeleka karatasi mahakamani, na mahakama nayo ina ada yake. Nitapata wapi fedha za kufilisika ilhali nimekwisha kufilisika? Mwenzangu kazini ananiambia nimlipe wakili kwa kadi moja ambayo bado ina nafasi.

*Mama Watatu, Columbus*

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa maradhi na kwa miezi yote uliyoubeba mzigo huu peke yako.

Nianze na hiyo kadi, kwa sababu ndilo jambo linaloweza kukuharibia mengine yote. Usiitumie. Mtu anayekopa huku akijua kwamba anakwenda kuomba deni hilo lifutwe anampa mdai nafasi ya kuiambia mahakama kwamba mkopo huo ulichukuliwa kwa udanganyifu, na deni la namna hiyo linaweza kubaki shingoni mwako baada ya mengine yote kufutwa. Mwenzako amekushauri kwa nia njema, lakini ushauri huo uuache.

Sasa tuhesabu gharama zenyewe, kwa maana watu wengi huambiwa jumla moja kubwa wakakata tamaa, wakati ndani ya jumla hiyo mna mafungu matatu yasiyofanana, na kila fungu lina njia yake ya kupunguzwa.

Fungu la kwanza ni ada ya mahakama. Kwa Sura ya 7 ni dola 338, yaani dola 245 za kufungua shauri, 78 za uendeshaji na 15 zinazomwendea msimamizi wa mali anayeteuliwa kukagua hesabu zako. Sheria inamruhusu jaji kukusamehe ada hiyo yote ikiwa kipato cha familia yako hakifiki asilimia 150 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kuu, na ikiwa huwezi kuilipa hata kwa awamu. Kwa mwaka 2025, kiwango hicho kwa familia ya watu wanne kilikuwa dola 32,150, na asilimia 150 yake ni dola 48,225. Wewe na wanao ni wanne, na kipato chenu ni dola 38,000, kwa hiyo umo ndani ya mpaka na una haki kamili ya kuomba. Ombi hujazwa katika Fomu 103B, nayo hupelekwa pamoja na karatasi za shauri. Jaji halazimiki kukubali. Ataangalia kipato na matumizi yako, kwa hiyo andika kodi ya nyumba, chakula, mafuta ya gari na malezi ya watoto kwa ukweli bila kujibana ili uonekane hodari. Akikataa, iko Fomu 103A ya kulipa kwa awamu zisizozidi nne ndani ya siku 120, muda ambao jaji anaweza kuusogeza hadi siku 180. Awamu hizo zitimize, kwa sababu ukizikosa shauri linaweza kutupwa na ukarudi ulikoanzia.

Fungu la pili ni dogo. Kabla ya kufungua shauri unatakiwa upate ushauri wa madeni kutoka shirika lililoidhinishwa, na uwe umeupata ndani ya siku 180 zinazotangulia. Baada ya kufungua kuna somo jingine la kusimamia fedha. Kila moja kwa kawaida hugharimu kati ya dola 10 na 50, na hufanyika kwa simu au kwa intaneti. Kwa mtu wa kipato chako mashirika hayo yanatakiwa kukuhudumia hata usipoweza kulipa, lakini ni lazima useme mwanzoni, kabla hujatoa namba ya kadi ya benki. Cheti cha somo la pili usikisahau, maana bila hicho shauri hufungwa pasipo amri ya kukufutia madeni, na kulifungua upya hudai ada nyingine.

Fungu la tatu, ndilo linalokukaba, ni wakili. Ninajua imekuuma kuona mtu anamdai maskini dola 1,500 taslimu kabla hajainua kalamu. Lakini fikiri kama yeye: Sura ya 7 hufuta madeni uliyokuwa nayo siku ya kufungua shauri, na ada ya wakili ambayo hujaimaliza siku hiyo ni deni kama madeni mengine, kwa hiyo nayo hufutwa. Tena mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa mdaiwa katika Sura ya 7 halipwi kutoka katika mali inayosimamiwa na mahakama, isipokuwa awe ameajiriwa na msimamizi kwa idhini ya mahakama. Ndiyo sababu karibu mawakili wote wa shauri la namna hii hutaka fedha mbele, na ndiyo sababu kumsihi akukopeshe hakutasaidia sana. Kumwomba akuruhusu ulipe kidogo kidogo kabla ya kufungua, hilo linawezekana, na wengi hukubali.

Fedha za kumlipa kidogo kidogo zitoke wapi? Tazama zile dola 410 unazotoa kila mwezi kwa kadi mbili. Ikiwa umekwisha kuamua pamoja na wakili kwamba utafungua shauri, kadi hizo zinakwenda kufutwa, na kila dola unayoziwekea sasa ni maji unayomwaga mchangani. Miezi minne ya dola 410 ni dola 1,640, zinatosha wakili na yale masomo mawili. Hatua hiyo chukua baada ya kukubaliana na wakili, si kabla, kwa sababu ukiacha kulipa kisha usifungue shauri, riba na simu za wadai zitakuzidi. Ukishakuwa na wakili, kampuni za kukusanya madeni zikipiga simu zipe jina lake na namba yake. Sheria inazitaka ziwasiliane naye badala yako. Kodi ya nyumba, umeme na malipo ya gari usiyaguse.

Hapo kuna jambo lililonifanya nirudie hesabu zako mara mbili. Wakati unadunduliza miezi minne, dola 290 zinaendelea kukatwa kila baada ya wiki mbili, yaani takriban dola 630 kwa mwezi, na kwa miezi minne zaidi ya dola 2,500. Kungoja kunakugharimu kuliko wakili mwenyewe. Shauri likifunguliwa, zuio la moja kwa moja, yaani katazo la kisheria linalowasimamisha wadai wasiendelee kukudai, huanza saa ile ile, na mwajiri wako akipata taarifa anatakiwa aache kukata. Zaidi ya hapo, fedha ulizokatwa katika siku 90 za mwisho, zikizidi dola 600, wakati mwingine huweza kudaiwa zirudi. Kwa kiwango chako siku hizo zina makato sita hivi, sawa na dola 1,740. Muulize wakili kuhusu hilo kwa maneno hayo hayo, naye aweke stabu zako za mshahara mezani.

Kwa sababu hiyo ningependa uanze na mlango wa bure leo, kabla ya ule wa dola 1,500. Ofisi za msaada wa kisheria zinazopata ruzuku ya serikali kuu ziko katika kila jimbo, na Ohio inazo. Huwapokea watu wa kipato kidogo, wakiwemo wakimbizi na wenye ukaaji wa kudumu. Ukipiga simu, sentensi ya kwanza iwe kwamba mshahara wako unakatwa kwa amri ya mahakama, maana ofisi hizo zina foleni na wenye dharura hutangulizwa. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki ambazo wanafunzi hushughulikia mashauri chini ya mwalimu wao. Lipo pia shirika lisilo la faida liitwalo Upsolve, ambalo programu yake humsaidia mtu mwenye shauri jepesi la Sura ya 7 kuandaa karatasi zake mwenyewe bila malipo. Shauri lako, kwa ulivyolieleza, halina nyumba wala biashara, lakini kwa kuwa kuna makato ya mshahara ya kudai yarudi, ningetamani mwanasheria wa msaada alitazame kwanza.

Wako mawakili watakaokuambia ufungue Sura ya 13 bila kutoa kitu mwanzoni. Ni kweli, kwa sababu katika Sura ya 13 ada ya wakili inaweza kuingizwa katika mpango wa malipo wa miaka 3 hadi 5. Ada ya mahakama ni dola 313 na huwa haisamehewi, ada ya wakili kwa kawaida ni kubwa mara mbili au zaidi ya ile ya Sura ya 7, na watu wengi hushindwa kuufikisha mpango mwisho, wakabaki na deni na bila wakili. Njia hiyo ina kazi yake kwa anayeokoa nyumba isiuzwe. Kwako wewe usiye na nyumba, kuichagua kwa sababu tu ya kukosa dola 1,500 ni kununua kwa mkopo kitu ambacho hukukihitaji.

Na kama mambo yatasogea hadi mwanzoni mwa mwaka, kumbuka marejesho ya kodi. Familia nyingi za kipato chako humlipa wakili kwa hundi hiyo, na kuitumia kwa ada yake na mahitaji ya lazima ni halali, mradi utunze risiti. Ikikukuta umefungua shauri kabla hujaitumia, msimamizi anaweza kuidai.

SWALI

Ndugu mshauri, mimi na mke wangu tulitoka Uvira, Kongo, tuko Louisville, Kentucky. Mtu mmoja anayesema Kiswahili anajaza karatasi za kufilisika kwa dola 600, pamoja na ada ya mahakama anayosema ataipeleka mwenyewe. Ametuambia tusiandike kiwanja chetu cha Uvira wala upatu tunaocheza na majirani, eti Marekani haviwezi kuonekana. Je, tumpe hizo fedha?

*Baba wa Louisville*

JIBU

Mzee wangu, msimpe.

Sheria inamtambua mtu asiye wakili anayejaza karatasi za ufilisi kwa malipo, lakini imemfunga mikono kwa mambo yanayohusu kesi yenu moja kwa moja. Hapaswi kupokea kwenu ada ya mahakama. Hiyo mnaipeleka wenyewe. Hapaswi kuwapa ushauri wa kisheria, na kuwaambia mali ipi iandikwe na ipi iachwe ni ushauri wa kisheria, tena mbaya. Anatakiwa pia aweke jina na sahihi yake kwenye kila karatasi aliyoiandaa. Mwulizeni kama yuko tayari kuisaini fomu ambayo kiwanja chenu hakimo.

Fomu za mahakama zinauliza mali yote, popote ilipo duniani, nanyi mnasaini chini ya kiapo. Kuficha kwa makusudi ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na kwa mgeni ambaye hajapata uraia hatari yake ni kubwa zaidi. Kufilisika kwenyewe si kosa. Kiwanja kikiandikwa kwa thamani yake ya kweli, mara nyingi ama kiko ndani ya kiasi ambacho sheria inawaachia, ama msimamizi anaona kukiuza kutoka mbali hakulipi. Lakini jambo hilo lapaswa kuamuliwa na wakili kabla ya kufungua shauri. Upatu nao uandikeni: mnatoa kiasi gani, mmekwisha kupokea au zamu yenu bado. Na mkiulizwa zawadi za miaka 2 iliyopita, fedha mlizomtumia ndugu mmoja nyumbani zikizidi jumla ya dola 600 zinaingia hapo. Kusanyeni risiti za kutuma fedha, wala msione haya. Wasimamizi wamezoea kuona watu wanaosaidia wazazi.

Kama kilichowavuta kwake ni lugha, kikao cha msimamizi na mdaiwa, ambacho hufanyika kati ya siku 21 na 40 baada ya kufungua shauri, kina mkalimani wa bure kwa simu. Mjulisheni msimamizi mapema kwamba mnahitaji wa Kiswahili, na mtaje kwamba ni Kiswahili cha Kongo.