Intani wapya, mzee wa kitanda namba 6 ana jina

Jana kwenye raundi intani mmoja wa udaktari alifika kitanda namba 6, akasema, "Huyu ni mzee wa sukari tu, hana jipya," akavuta faili la kitanda namba 7. Mzee alikuwa macho. Alisikia.

Wanangu, najua kinachowachosha. Malaria unaitibu siku 3, mtu akaenda zake akikuombea dua. Kisukari hakikupi siku hiyo. Lakini sikilizeni.

1. Salamu kwanza. Hapa Lamu mtu haulizwi habari za choo chake kabla hajajuliwa hali.

2. Usiandike "hafuati matibabu" kabla hujauliza sababu. Nikiwa intani alinijia bibi kutoka kisiwa cha Pate, sukari 18, juu mno. Kliniki imefurika, naye kachelewa. Sikumuuliza kama maji yalikupwa, boti ikangoja pale kwenye mlango wa bahari wa Mkanda. Nilihesabu vidonge vyake vya kushusha sukari, glibenklamaidi, nikaona vimebaki tele, nikamgombeza mbele ya mkwewe na kuongeza dozi. Akainamisha kichwa. "Haya mwanangu, nitakunywa."

Akanywa. Alinitii, na mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha usiku. Siku ya nne aliletwa hatambui watu, jasho limemtota. Nikasema mbele ya binti yake kwamba ni uzee. Karibu nusu saa ikapita mikononi mwangu, hadi nesi mmoja alipomtoboa kidole: sukari 1.9, chini mno. Glukosi ilimzindua, kisha akazama tena, maana dawa ile hukawia mwilini, na figo za mzee huitoa taratibu. Usiku kucha tulimpima. Alfajiri binti ndipo aliponieleza: mama yake aliacha vidonge siku ambazo chakula kilikuwa haba, kwa kuwa aliwahi kutetemeka akaanguka jikoni. Bibi wa watu alikuwa akijilinda kwa akili yake, nami nikamwondolea kinga hiyo kwa ukali. Alirudi kwao Pate, lakini hakutembea tena bila kushikwa mkono.

3. Presha ya mzee ipimeni amelala, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi akisimama, msiongeze dawa ya presha.

4. Aje na mfuko mzima wa dawa, na za miti shamba humohumo.

5. Ongea naye mwenyewe. Fundi mmoja wa majahazi kutoka Matondoni aliletwa na mwanawe, na mwanafunzi akamgeukia yule kijana: "Anakojoa vizuri?" Mzee akajibu, "Mkojo wangu, wamuuliza yeye?" Wadi nzima ilicheka, mwanafunzi akaomba radhi, na tangu siku hiyo mzee hakukubali kuchomwa sindano na mwingine ila yeye.

Kesho raundi ni saa 2 asubuhi. Tutaanzia kitanda namba 6. Yule intani nitamuuliza jina la mzee, kazi aliyofanya ujanani, na ni nani humpikia.