Lori la zamani linatetemeka baada ya kufufuliwa? Anza na propela

Lori la zamani likitoka gereji na rangi mpya kisha likaanza kutetemeka barabarani, wengi hukimbilia kununua: kros mpya, yaani viungio vya propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma), senta beringi mpya inayoishika katikati, hata tairi. Fedha inakwisha na mtetemo uko palepale. Nilipofufua Bedford ya TJ, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, nilijifunza kwamba mara nyingi chanzo si kitu kilichochakaa, ni namna vitu vilivyorudishwa.

Kwanza, tenganisha injini na yaliyo nyuma yake. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na magari mengi. Hapa Dodoma mimi hutoka alfajiri kuelekea Singida. Fika mwendo ambao lori hutetemeka, kisha weka gia huru na uache injini ingurume taratibu. Mtetemo ukiendelea, injini na klachi hazina kesi. Ukikatika, simama, kanyaga mafuta lori likiwa limesimama: ukirudi, kagua maunti za injini, klachi na flaiwili.

Sasa sikiliza kasi yake. Kwenye kilomita 60 kwa saa, tairi la lori kama hili huzunguka karibu mara 6 kwa sekunde. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ikiwa ya 6 kwa 1, propela huzunguka karibu mara 35. Kwa hiyo tairi au rimu mbovu hukutikisa mwili mzima, ila propela huvuma, na unaisikia miguuni kupitia sakafu.

Ikiwa ni mvumo, ingia chini. Weka magogo kwenye tairi kabla ya kufungua bolti yoyote, kwa sababu propela ikishatoka, gia haishikilii lori tena. Tazama spilaini, kiungio cha meno pale propela inaporefuka na kufupika. Kros iliyo kwenye pembe haizungushi sawasawa. Huharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko, na kros ya pili ndiyo inayosawazisha. Masikio yanayoshika kros za ncha mbili yasipokaa kwenye mstari mmoja, hakuna kusawazishwa. Fundi akichomeka spilaini jino moja pembeni, umeshapata mtetemo, hata kros ziwe mpya kabisa. Kwangu mimi hapa ndipo pa kuanzia, kwani kurekebisha hakugharimu hata shilingi. Kwangua pia rangi kwenye nyuso za flenji, zile sahani za ncha za propela zinazofungwa kwa bolti. Utando mdogo tu huifanya propela ikae upande. Na udongo mweusi ulioganda kwenye bomba la propela, uoshe kabla ya kulaumu balansi.

Kuna dalili moja naithamini sana: lori linavuma likiwa tupu, lakini likipakia mahindi Kibaigwa linatulia. Hiyo ni pembe. Springi mpya hazijalala, zimeinua lori, na pua ya difu haiendi sambamba tena na gia boksi. Pima pembe ya gia boksi na ya pua ya difu, likiwa tupu na likiwa na mzigo. Pembe hizo mbili zikitofautiana, kabari ndogo kati ya springi na ekseli hurekebisha. Usikubali mtu akate springi.

Rekebisha kitu kimoja, jaribu barabarani, ndipo uguse kingine. Kabla ya kufungua propela, chora alama ya chaki kwenye spilaini na flenji zote, na baada ya safari ya kwanza kaza tena bolti zake.