Uliza usiku nani anahesabu ndala

Mmeuliza wiki hii dada anayesafiri peke yake achague vipi pa kulala ili awe salama na pia asikae kama mfungwa chumbani. Mi nimo humo humo, naishi Tabora na karibu kila mwezi naenda Kigoma kufuata dagaa na mawese, huu mwaka wa saba, na mara zote naenda mwenyewe. Sasa naona wengi mtajibu upande wa usalama tu, geti, mlinzi, ukuta mrefu, na wengine watajibu upande wa kampani. Kwangu mimi hivyo ni kitu kimoja. Nyumba salama ni ile ambayo usiporudi kuna mtu atauliza yuko wapi, na hawezi kuuliza kama hamjawahi hata kusalimiana.

Safari ya kwanza niliumia. Basi lilichelewa, tumeingia stendi ya Masanga saa nne usiku, simjui mtu, nikapanda boda nikamwambia nipeleke gesti nzuri. Akanipeleka anapojua yeye, chini baa juu vyumba, jina silitaji. Kaka wa mapokezi akaniuliza, "unalala au unapumzika?" Siku hiyo sikumwelewa nikajibu nalala nimechoka. Siku hizi nikiulizwa hivyo nachukua begi langu natoka, maana nyumba inayotoa vyumba kwa masaa watu wanaingia wanatoka usiku kucha na hakuna anayejua nani mgeni nani mpita njia.

Akanisogezea kitabu cha wageni, mnakijua, jina, kabila, utokako, uendako, kazi, namba ya chumba. Kitabu kiko wazi juu ya kaunta na nyuma yangu kasimama mtu na bia yake anasoma. Saa saba usiku mlango unagongwa, naitwa jina langu kamili kama nilivyoandika, na kabila juu, "we Mnyamwezi fungua tuongee". Nikapapasa komeo nisukume, komeo hakuna. Kuna matundu manne ya skrubu na alama ya rangi pale lilipokuwa, basi. Nikavuta kitanda mpaka mlangoni nikakaa juu yake nimejikunyata mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikamwambia yule kaka, akasema huyo mlevi tu dada, humu anajulikana.

Nje palikuwa na mama anauza uji na vitumbua. Aliponiona tu akaniuliza, "mwanangu, hukulala wewe?" Nikalia pale pale na kikombe mkononi. Alipomaliza kuuza akaniongoza mwenyewe mpaka mtaa wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, kwenye nyumba ambayo nalala mpaka leo.

Ndo maana ushauri wangu mkubwa ni huu, usimuulize dereva wa boda wala bajaji pa kulala, wengine wanapewa chao kwa kila kichwa wanachopeleka. Muulize mwanamke. Mama ntilie, mwalimu, nesi, mama wa sokoni Kibirizi, pale ziwani boti zinapofika, anayepokea dagaa, hao wanajua gesti ipi wangemlaza binti yao. Na ukija kwa treni unaanza kuuliza humo humo, daraja la pili la kulala wanawake wanapangwa chumba chao na wanaume chao, mnakuwa sita, na kutoka Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, mpaka mnapita Uvinza mshajuana watoto wangapi na biashara gani. Mi wateja wangu wawili wa mawese niliwapata kwenye kile chumba. Lakini usiulize "gesti gani nzuri", utatajiwa yenye vigae na tivii kubwa. Uliza, "mwanao akija huku peke yake unampeleka wapi?"

Ukishafika usilipe kabla hujaona chumba, hata kama uliongea nao kwenye simu. Ingia, funga mlango ukiwa ndani, zungusha ufunguo, sukuma komeo, halafu vuta mlango kwa nguvu. Angalia dirisha kama lina nondo na kama linafungwa, angalia taa ya koridoni inawaka, na kama choo kiko nje pita njia hiyo hiyo utakayopita usiku uone kuna giza wapi. Omba chumba karibu na mapokezi, kile cha mwisho wa koridoni kiache hata kama kina feni mpya. Kitabu cha wageni andika, ni utaratibu, ila mwambie dada wa mapokezi akifunge ukimaliza na asitaje namba ya chumba chako kwa sauti mbele za watu. Mimi nasema hivyo bila aibu na sijawahi kufukuzwa. Na ujue nani analala pale usiku, sio mchana, maana kuna nyumba mchana mapokezi yuko dada mstaarabu kabisa na ikifika saa tatu anabaki kijana ana shati la mlinzi na hata namba ya mwenye nyumba hana.

Fika na jua. Hili nalirudia hata kwa wadogo zangu, bora ulale Tabora siku moja zaidi kuliko kuingia mji usioujua saa nne usiku.

Kuna jambo linaniuma nalisema hapa. Mwanamke akija gesti peke yake anaangaliwa vibaya. Anaulizwa mumeo yuko wapi, unamsubiri nani, mwanaume hata akija na viatu mkononi haulizwi kitu. Nyumba ikikupokea na macho hayo usikae, kwa sababu likitokea la kutokea watasema ulijitakia. Na likitokea kweli, 112 ndo namba ya polisi ya dharura, na vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto, omba kuonana nao moja kwa moja. Mi wakati ule nilikuwa sijui nikakaa nalo moyoni.

Sasa hiyo nyumba ya Mwanga. Haina ghorofa wala tivii, ni vyumba tisa vimezunguka uwanja wenye mwembe, na mwenyewe ni mama wa makamo anaishi humo humo na wajukuu. Jioni kila mtu anatoka nje. Ukiwa na dagaa zako unachambua pale, mwingine anasuka, mwanafunzi anasoma chini ya taa, na chakula kinapikwa jikoni kwa mama, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, mnachanga mnakula sinia moja. Hulazimishwi. Ukitaka kulala mapema unalala. Viatu vyote vinavuliwa barazani, na ikifika saa nne kabla hajafunga geti yule mama anapita na tochi anahesabu ndala. Namsikia kila siku nikiwa kitandani, "chumba cha pili yupo, cha tatu yupo, wa sita bado." Hafungi mpaka wa sita aingie au apige simu.

Humo ndo nilikutana na dada mmoja Mjerumani, wa rika la mdogo wangu, anazunguka peke yake na begi kubwa kumshinda, anataka kwenda Gombe kuona sokwe, ile hifadhi aliyoanzia kazi Jane Goodall mwaka 1960. Kiswahili alijifunza Arusha. Nikamuuliza kwao analalaje akisafiri, akasema hosteli. Kwetu hosteli tunajua ya wanafunzi au ya kanisa (na za kanisa nazo ni nzuri kwa anayeanza, kumetulia, ila uliza mapema geti linafungwa saa ngapi), kumbe kwao ni ya wasafiri, unalipia kitanda sio chumba, vya kupanda juu na chini, mnalala nane au kumi. Akaniambia ilianzia kwao Ujerumani, mwalimu Richard Schirrmann mwaka 1909 alikuwa safarini na wanafunzi mvua ikawakamata wakalala darasani, ndo akapata wazo. Nilidhani kulala na watu usiowajua ni hatari zaidi, akasema anachagua zenye chumba cha wanawake tu, na kabati la kufunga kwa kufuli lake mwenyewe, halafu kwenye simu anasoma maoni ya wanawake waliosafiri peke yao kama yeye, ya wengine hayasomi. Na lazima kuwe na jiko la pamoja. Nikamuuliza jiko la nini na wewe hupiki, akasema "jikoni ndo watu wanajua jina langu." Nikamshika mkono, nikamwambia hapo tumeongea lugha moja.

Akaenda Gombe na boti za Kibirizi, huko hakuna barabara ni ziwani tu, akasema kesho jioni narudi. Kesho yake mchana upepo ukaanza, ziwa likachafuka, giza likaingia hajafika na simu yake haipatikani. Saa nne mama akapita na tochi yake. Akafika mlango wa tano akasimama, "zile za njano hazipo." Hakwenda kulala. Akampigia mtu anayemfahamu Kibirizi, akamwamsha mjukuu wake mkubwa, wakatoka na bajaji ya jirani, na mimi nikakaa barazani na wanawake wengine wawili tumejifunika kanga moja, hakuna aliyesema nalala.

Saa sita na robo geti likagongwa. Boti ilikuwa imejibanza kijiji cha njiani kusubiri upepo utulie, wamemkuta anashuka Kibirizi kalowa mpaka kiunoni. Mama hakumuuliza kitu, alichukua zile ndala za njano mkononi mwake, akazikung'uta maji, akaziweka barazani kwenye mlango wa tano, halafu akaenda kupasha ugali.