Mchango, ufadhili au takrima? Maneno ya fedha za kampeni za Marekani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio, na kila msimu wa uchaguzi wazee wa jumuiya yetu huniomba niwatafsirie vipeperushi. Juzi nimetafsiri karatasi ya mgombea wa Baraza la Wawakilishi anayeomba fedha, nikaandika "mchango". Mzee mmoja akauliza kadi ziko wapi na harusi lini. Wa pili akasema huo si mchango, ni hongo ya kizungu. Wa tatu alipofika kwenye mstari unaokataza fedha za "raia wa kigeni" akarudisha pesa mfukoni, na kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, anayo. Neno sahihi ni lipi: mchango, msaada, ufadhili au takrima? Na hizi supa PAC, kamati zinazokusanya fedha bila kikomo ili kuwapigia debe wagombea, niziiteje?

JIBU: Marahaba. "Mchango" ni neno lako halali, usilibadilishe. Ila wazee wako nao wamekugusa mahali penyewe, kila mmoja kwa upande wake, hasa huyo wa tatu ambaye umemkosesha haki yake bila kukusudia. Nitafika kwake.

Tuanze na kitenzi. Kuchanga ni kila mtu kutoa chake ili kipatikane kitu kimoja. Ukikitia kauli ya kutendea unapata kuchangia, na hapo njia zinagawanyika: unaweza kuchangia kitu (nimechangia harusi, nimechangia zahanati) au kumchangia mtu (nimemchangia Asha). Hiyo -m- ndogo ndiyo inayotuambia fedha imeishia mkononi mwa nani. Katika habari za harusi haina uzito. Katika sheria ya fedha za kampeni za Marekani, ndiyo sheria yenyewe.

Chukua sentensi ambayo wengi wetu tungeiandika bila kusita: "Mwaka 2024 Elon Musk alimchangia Trump zaidi ya dola milioni 200." Kisarufi haina doa. Kama ingekuwa kweli kwa namna ilivyoandikwa, lakini, aliyetoa na aliyepokea wangekuwa wamevunja sheria pamoja. Msimu ule mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho zaidi ya dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja. Msimu wa 2025–2026 kiwango ni dola 3,500. Yale mamilioni yalikwenda kwenye chombo kingine, America PAC, ambacho kilimpigia debe Trump bila fedha hizo kuingia katika kamati yake ya kampeni. Kwa hiyo Musk aliichangia America PAC. Trump alipigiwa debe. Kumchangia na kumpigia debe ni vitu viwili, na Wamarekani wamekuwa wakigombana mahakamani juu ya mpaka wake kwa nusu karne.

Mpaka huo ulichorwa tarehe 30 Januari 1976, katika kesi ya Buckley v. Valeo. Sheria ya fedha za kampeni ya 1971, iliyokazwa mwaka 1974 baada ya kashfa ya Watergate, ilikuwa imeweka vikomo vya aina mbili: kiasi unachoweza kumpa mgombea, na kiasi kinachoweza kutumika. Mahakama ya Juu ikakibakiza cha kwanza, ikakifuta cha pili. Kumpa mgombea fedha, walisema, kunaweza kuzaa rushwa. Kutumia fedha zako kuwaambia watu rai yako ni sehemu ya uhuru wa kusema.

Hapa Kiswahili hunichekesha kidogo. Mbunge akisimama Dodoma akasema "Mheshimiwa Spika, naomba kuchangia", hakuna anayetazamia atoe noti. Mchangiaji kwetu ni mwenye pesa na ni mwenye hoja, neno lile lile. Majaji wa 1976 walijaza kurasa kuunganisha mambo mawili ambayo kitenzi chetu kilikwisha kuyaunganisha zamani. Usiende kulisema hilo kama hoja ya kisheria, maana Wamarekani wengi hawakubali hata leo kwamba fedha ni maneno. Lakini ukimweleza mzee kwa nini tajiri anaruhusiwa kutumia mamilioni, anzia hapo. Ataelewa haraka kuliko ukianzia na katiba.

Sasa, fedha zinazotumika bila kushauriana na mgombea tuziiteje? Naona watafsiri wakiandika "matumizi huru". Silipendi. Msomaji akisikia "huru" atadhani ni matumizi yasiyo na masharti yoyote, wakati uhuru unaosemwa hapo ni wa kutoshirikiana na mgombea, na matumizi hayo bado hutolewa taarifa. Mimi naandika "matumizi ya kando". Neno "kando" linabeba picha yote: mtu amesimama pembeni ya kampeni, anapiga kelele zake mwenyewe kwa fedha zake mwenyewe. Ukihitaji urasmi, sema "matumizi yasiyoratibiwa na mgombea".

Matumizi ya kando ndiyo yaliyofunguliwa lango Januari 2010, katika kesi ya Citizens United mbele ya Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne: kampuni na vyama vya wafanyakazi vikaruhusiwa kutumia fedha zao kumpigia debe au kumponda mgombea. Miezi michache baadaye mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi ya SpeechNow.org, ikasema kikundi kinachofanya matumizi ya kando tu kinaweza kupokea fedha bila kikomo. Supa PAC zikazaliwa hapo. Kampuni kumchangia mgombea wa shirikisho moja kwa moja bado ni marufuku, tangu mwaka 1907. Ukisoma kwamba "mahakama imeruhusu kampuni kuwachangia wagombea", aliyeandika ameipachika ile -m- pasipostahili.

Kupiga debe nako kuna sarufi yake. Katika Buckley majaji walitaja kwenye tanbihi maneno ambayo tangazo likiwa nayo linahesabika kuwa la uchaguzi waziwazi: mpigie kura, mchague, muunge mkono, mkatae, na mengine ya jamii hiyo. Wenye matangazo wakajifunza upesi. Badala ya "Mnyime kura seneta fulani" wakasema "Mpigie simu seneta fulani, umwambie aache kupandisha kodi", wiki mbili kabla ya kura. Sheria ya maseneta McCain na Feingold ya 2002 ilijaribu kuziba mwanya huo. Kwako mtafsiri funzo ni la kitenzi: tangazo likisema "mpigie simu", usilitafsiri "mwadhibu kwenye sanduku la kura" hata kama unajua ndicho wanachomaanisha. Umelihamisha kutoka aina moja ya tangazo hadi nyingine.

Turudi kwa mzee wa hongo. Hongo lilikuwa neno la biashara ya misafara: karne ya 19 msafara ukipita Ugogo kwenda bara, mtemi alitoza chake, vitambaa au shanga, na ushuru huo ndio ulioitwa hongo. Ulilipwa mchana kweupe. Baadaye neno likashuka hadhi likawa ndugu wa rushwa. Mzee anachouliza ni kama mchango wa kampeni ni ushuru wa kupita. Jibu la Mahakama ya Juu ya Marekani lina tafsiri nzuri mno kwa Kiswahili, kwa sababu tunayo maneno yake tayari: nipe nikupe. Katika kesi ya McCutcheon ya 2014 majaji walio wengi walisema serikali inaweza kuzuia michango kwa ajili ya kupambana na nipe nikupe, au sura ya nipe nikupe, basi. Mtoaji kupokewa simu haraka, kualikwa chakula cha jioni na kusikilizwa kwanza si rushwa kwa hesabu yao. Mzee wako anaweza kutokubaliana nao. Wapo majaji wanne waliopinga hukumu hiyo, yeye angekuwa wa tano.

"Takrima" liache kabisa. Asili yake ni ukarimu, lakini kwa Mtanzania lina historia yake: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu kwa jina la ukarimu wa kiasili, na Mahakama Kuu ikayafuta mwaka 2006. Isitoshe takrima inatoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura, na mchango unakwenda kinyume chake. Umeelekeza mto upande mlimani.

"Ufadhili" lina kazi yake: ni jina la mfumo mzima, kama unavyosema ufadhili wa kampeni, na Wakenya wanalitumia hivyo kuizungumzia sheria yao ya 2013. Kwa mtu mmoja anayetoa dola 25 ni zito mno. Ndani yake kuna fadhila, na fadhila inasubiri shukrani. Tanzania, kwa sheria ya 2010, ilichagua jina lingine: Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Angalia neno lilivyo na akili. Tanzania inaweka ukomo kwenye gharama, yaani kinachotumika. Marekani imekatazwa na mahakama yake kufanya hivyo, ikabaki na ukomo wa kinachotolewa. "Msaada" ni wa mafuriko.

Sasa mzee wa tatu. Sheria ya Marekani inakataza fedha za watu wa nje katika uchaguzi wa ngazi zote, lakini katika maana yake yenyewe imemtoa mwenye ukazi wa kudumu kwenye kundi hilo. Ukiandika "raia wa kigeni hawaruhusiwi", mwenye kadi ya kijani atajiona yumo, kwani ni raia wa Tanzania au Kongo kweli. Andika hivi: "Wasio raia wa Marekani hawaruhusiwi kuchangia, isipokuwa wenye ukazi wa kudumu." Mwanafunzi mwenye viza ya masomo na mgeni aliyekuja kusalimia watoto hawaruhusiwi hata dola moja. Mzee wako anaruhusiwa kumchangia mgombea huyo wa shirikisho. Kupiga kura, hapana, mpaka apate uraia. Na hilo lisemwe kwa sauti, maana kosa la hapo laweza kumrudisha mtu alikotoka.

Na yule wa harusi? Huyo ndiye aliyenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu desturi ya harusi inamwelekeza kwenye kosa. Kwetu mtu akikwama humwambia mwenzake, "Niwekee na yangu kwa jina lako, tutahesabiana." Katika kampeni za Marekani kutoa fedha za mwingine kwa jina lako ni kosa, hata kama kiasi ni kidogo na nia ni njema. Mwajiri kumrudishia mfanyakazi alichochangia ni kosa lile lile. Taslimu pia isizidi dola 100. Atakayevuka jumla ya dola 200 ataandikwa jina, anwani, kazi na mwajiri wake, na orodha iko wazi kwa yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa, ila waambie wazee mapema kwamba daftari hili jirani atalisoma.

Kiwango kinahesabiwa "kwa kila uchaguzi", na kura ya kumpata mgombea wa chama ni uchaguzi mmoja, uchaguzi mkuu ni mwingine. Kwa hiyo 3,500 mara mbili. Ile ya kwanza iite "kura za mchujo". Watanzania tumezoea "kura za maoni", lakini neno hilo linabeba pia uchunguzi wa maoni ya watu, na katika karatasi moja yenye yote mawili utamchanganya msomaji.

Chombo kinachopokea taarifa hizi wengi hukiita Tume ya Uchaguzi ya Marekani, na msomaji wa Nairobi au Dodoma mara moja anamwona mwenyekiti akitangaza mshindi. Tume hiyo haihesabu kura hata moja. Kura ni kazi ya majimbo na kaunti. Yenyewe inasimamia fedha tu. Kisheria ina viti sita vya makamishna, visivyozidi vitatu vya chama kimoja, na uamuzi unahitaji kura nne, kwa hiyo viti vikijaa mkwamo wa tatu kwa tatu umekuwa jambo la kawaida. Iite "Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, inayosimamia fedha za kampeni". Ni ndefu, vumilia.

Kuna fedha zinazopitia mashirika yasiyolazimika kutangaza waliowapa. Usiziite "fedha chafu": hizo kwetu ni za dawa za kulevya na utakatishaji. Wala "haramu", kwa kuwa sheria imeziruhusu. "Fedha za kificho" inatosha.

Supa PAC ziache zilivyo, katika ngeli ya I-ZI: supa PAC hii, supa PAC hizi. "Kamati kuu" ni chombo cha chama, na "kamati kubwa" itafanya mzee aulize ukumbi una viti vingapi.