Nyayo bapa za mwanangu: je, ni dalili ya usonji?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mwanangu wa pili, wa kiume, ana miaka mitatu na miezi minne. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea. Mtoto alipotoka kuoga akapita kwenye sakafu ya saruji, na alama za nyayo zake zikabaki pana, bila ile sehemu ya katikati inayoingia ndani. Mama mkwe akasema amesikia kwamba nyayo bapa ni dalili ya usonji, ile hali ya ukuaji ambayo Kiingereza huiita autism. Tangu siku hiyo sina raha. Mume wangu ananiambia nisisikilize maneno hayo, lakini yeye mwenyewe ameshanunua viatu vya kunyanyua wayo kwa shilingi 95,000. Mtoto ni mzima, anakimbia na kupanda ngazi. Tatizo lake ni ukaidi tu: ukimwita hageuki, hasa akiwa anazungusha matairi ya kigari chake, na maneno yake bado ni machache, kama kumi hivi, ingawa wanasema wavulana huchelewa kusema. Je, nyayo zinaweza kuonyesha usonji?
Mama Wawili, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na baadaye nitakueleza kwa nini mara ya pili ilikuwa ya lazima. Kwanza nijibu ulichouliza: hapana, hakuna daktari anayeutambua usonji kwa kutazama umbo la wayo. Usonji hutambuliwa kwa kuangalia jinsi mtoto anavyowasiliana na watu, anavyocheza, anavyorudia mambo yaleyale, na anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Ndivyo ilivyokuwa tangu daktari aitwaye Leo Kanner alipowaeleza watoto wa kwanza wenye hali hiyo kule Baltimore, Marekani, mwaka 1943, na mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala cha mguu kinachochukua nafasi ya uangalizi huo.

Nyayo za mwanao, kwa umri wake, ni nyayo za kawaida kabisa. Mtoto mchanga huzaliwa na pedi ya mafuta chini ya wayo inayoficha upinde, na mishipa inayofunga mifupa yake bado ni laini, kwa hiyo anaposimama wayo wote hulala chini. Upinde hujijenga polepole katika miaka ya kwanza kumi ya maisha. Utafiti uliofanywa Austria na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapima watoto wa miaka mitatu hadi sita na kukuta kwamba, katika wale wa miaka mitatu, 54 kati ya kila 100 walikuwa na nyayo bapa, ilhali waliofikia miaka sita walikuwa 24 tu kati ya 100. Nyayo zilizokuwa na kasoro ya kweli hazikufika hata moja kati ya 100. Kwa maneno mengine, mama mkwe angewamwagia maji watoto wote wa mtaa wenu wenye umri huo, angeona alama kama zile kwa zaidi ya nusu yao.

Unaweza kujiridhisha mwenyewe leo jioni. Mwambie achukue kitu kilicho juu kidogo ili asimame kwa ncha za vidole, kisha umtazame kwa nyuma. Au akiwa amesimama wima, mnyanyue kidole gumba cha mguu taratibu. Upinde ukijitokeza, wayo wake unanyumbulika na hauna haja ya tiba. Mpeleke kwa daktari wa mifupa iwapo wayo ni mgumu na upinde hauonekani hata hapo, iwapo analalamika maumivu au anachechemea, au iwapo mguu mmoja uko tofauti na mwenzake.

Kuhusu hivyo viatu, mumeo amenunua utulivu wa moyo wake, na simlaumu, lakini hakununua dawa. Madaktari wa Marekani waliwafuatilia watoto wenye nyayo bapa kwa miaka mitatu, wengine wakivaa viatu maalumu au soli za kunyanyua wayo na wengine viatu vya kawaida, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba nyayo za watoto wa makundi yote ziliboreka bila tofauti. Huko India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliotolewa mwaka 1992 ulikuta nyayo bapa zaidi kwa waliozoea viatu kuliko kwa waliokuwa wakitembea peku. Mwache basi akimbie peku ndani na uani, mahali palipo safi pasipo miiba wala funza.

Je, hakuna uhusiano wowote kati ya nyayo na usonji? Upo wa mbali, na nadhani ndio uliozaa maneno aliyoyasikia mama mkwe. Baadhi ya watoto wenye usonji wana misuli iliyolegea au viungo vinavyonyumbulika kupita kiasi, na viungo vya namna hiyo hulaza wayo. Ipo pia hali ya kurithi inayotokana na kasoro ya jeni iitwayo FMR1, ambayo huleta pamoja ulemavu wa kujifunza, viungo vilivyolegea, nyayo bapa, na mara nyingi usonji. Lakini hapo nyayo ni jambo dogo kati ya mengi, na haifai kuanzia kwenye wayo kurudi nyuma kuitafuta akili. Kinachowashughulisha zaidi wataalamu ni mtoto anayezoea kutembea kwa ncha za vidole: katika uchunguzi mmoja wa Marekani hali hiyo ilionekana kwa watoto 8 hivi kati ya 100 wenye usonji, na kwa chini ya mmoja kati ya 100 wasio nao. Hata hivyo, ukifanya hesabu, utaona kwamba wengi wenye usonji hawatembei hivyo.

Sasa nieleze kwa nini niliirudia barua yako. Umeandika mistari mingi kuhusu nyayo, na mistari miwili tu kuhusu mtoto asiyegeuka akiitwa, anayezungusha matairi ya kigari badala ya kukiendesha, na mwenye maneno kumi akiwa amepita miaka mitatu. Ukayaita ukaidi. Mwanangu, mimi si daktari na siwezi kumpa mtoto jina la hali yake kwa barua, lakini mambo hayo matatu yakikutana ni sababu ya kutosha ya kumpeleka apimwe, hata kama nyayo zake zingekuwa na upinde wa kupigiwa mfano. Ni kweli wapo wavulana wanaochelewa kusema, ila kwa umri huo tungetarajia sentensi fupi za maneno mawili matatu, na kusubiri zaidi hakumsaidii.

Anzeni na masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa, na naye huchelewa kusema. Kwenye kituo cha afya omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo, na ueleze kwamba unataka apimwe usikivu na maendeleo ya ukuaji. Kabla ya siku hiyo mrekodi kwa simu akiwa anacheza, ukimwita, na akitaka kitu: je, anakionyesha kwa kidole na kukutazama usoni, au anakushika mkono na kukuvuta kama chombo? Je, analeta kitu ili tu ukione? Je, yapo maneno aliyokuwa akiyasema na sasa ameyaacha? Daktari atapata mengi katika dakika mbili za video hiyo kuliko katika maelezo yenu ya ukumbini, ambako mtoto atakuwa amejificha nyuma ya kanga yako.

Huku mkisubiri, keti naye sakafuni, yazungushe matairi pamoja naye, yataje, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kujibu. Ikigundulika kwamba ana usonji, hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mafunzo ya lugha na mawasiliano yanayoanza mapema humsaidia sana mtoto, na wewe hukufanya kosa lolote lililouleta.

Mama mkwe usimrudie kwa maneno makali. Alikosea kuhusu wayo, lakini huenda jicho lake liliona jambo ambalo alikosa namna ya kulisema. Mweleze nilivyokueleza wewe, na umwombe akusindikize hospitali. Viatu vile, kama havimbani mtoto, avivae mpaka vimwie vidogo, na mumeo asinunue vingine.